UZI: Jibini ya kuchovya bila kuwasha jiko, mgeni akiwa mlangoni (Tabora na Kigoma tupeane mbinu)

#1 Mama Isevya

Habari za jioni wana jukwaa. Tangu nilipoitaja jibini ya kuchovya kwenye uzi wa vitafunwa, wadada wananifuata pembeni kila siku. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naiweka hapa.

Hiki ni chakula cha mgeni wa ghafla. Mgeni wa kwetu Tabora hapigi simu, anapiga hodi. Mkaa haujashika, gesi unaionea huruma, na soda tupu mezani ni aibu. Hapo unatoa bakuli, unalizungushia karoti, matango na krispsi za muhogo, watu wanachovya na kupiga soga wakati wewe unachambua mchele kwa amani.

Kwa watu sita hadi wanane nachukua jibini laini ya kupaka gramu 200, mtindi mzito vijiko vinne vya chakula, na jibini ngumu iliyokwaruzwa kiasi cha kiganja kimoja. Kisha punje moja ya kitunguu saumu, majani ya vitunguu yaliyokatwa madogo, pilipili manga na nusu limao. Chumvi msikimbilie, jibini yenyewe ina chumvi, onja kwanza.

Jibini laini itoke kwenye friji nusu saa kabla. Ikiwa na baridi haichanganyiki, inabaki mabonge ambayo hata blenda haiyamalizi. Iponde peke yake kwa mwiko mpaka ilainike, ndipo uingize mtindi kijiko kimoja kimoja. Ukimimina mtindi wote kwa mkupuo, mabonge yataogelea humo mpaka mgeni aondoke. Kitunguu saumu kiponde na chembe za chumvi mpaka kiwe uji, usikikate vipande, mtu akikiuma mbichi hasahau. Na punje ni MOJA kweli. Kitunguu saumu kibichi kinazidi kuwa kikali kadiri kinavyokaa, cha saa nne na cha saa kumi si kimoja. Limao liwe la mwisho, kidogo kidogo, maana linalegeza.

Dakika kumi umemaliza. Karibuni.

#2 Kijana wa Cheyo

Uzi bila picha ni umbea. Tunasubiri picha mama.

#3 Fundi Saa

Mama Isevya shikamoo. Hiyo jibini laini ya kupaka kwa Tabora hii unaipata wapi? Nimezunguka maduka ya mjini naona blubandi na zile chizi za pembetatu za kwenye boksi la duara, basi. Nikiuliza muuzaji ananitolea siagi.

#4 Mama Isevya

Marahaba mwanangu. Ndiyo maana nilitaka uzi, kwa sababu hilo swali ndilo wanaloniuliza wote.

Hizo za pembetatu zinafaa kabisa. Zimesindikwa na chumvi maalumu zinazoshikilia mafuta na maji pamoja, kwa hiyo hazikatiki ukizichanganya, na boksi likiwa halijafunguliwa maduka mengi huliweka tu kwenye rafu. Menya zote nane, ponda na mtindi, umemaliza. Kasoro yake ni kwamba ladha yake ni ya utotoni, haina uchachu. Ongeza limao na usiongeze chumvi hata chembe.

Lakini niseme ukweli wangu: mimi boksi silinunui tena. Tupo kwenye mkoa wa ng'ombe, maziwa ya mgando yanapita mlangoni kwenye baiskeli, halafu tunalia hatuna jibini! Jibini laini ni mgando uliotolewa maji. Nachukua lita moja ya mgando mzito wa maziwa yasiyoenguliwa mafuta, nakoroga na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Natandika kitambaa juu ya chujio la tui, chujio nalikalisha juu ya sufuria, namimina, nafunga ncha nne za kitambaa, naweka ndani ya friji saa mbili usiku. Asubuhi sufuria ina maji ya kijanikijani na kwenye kitambaa kuna donge jeupe linalosimama lenyewe. Lita moja inatoa chini kidogo ya nusu kilo. Ukiacha mpaka jioni inakaza zaidi, unaweza hata kuviringisha vidonge.

Kitambaa kiwe cha pamba nyeupe, marekani ile ya kawaida, uichemshe kabla. Khanga mpya msitumie, nakshi inachuja rangi. Na msikikamue kwa mikono kwa haraka zenu, mgando wenyewe unapenya kwenye nyuzi unabaki na maji mazito kwenye sufuria. Uache ujichuje.

Maji hayo msimwage. Nakandia maandazi, yanaumuka na yanakuwa na uchachu fulani mtamu.

Kwa hiyo "haraka" ninayoisema ni ya kuchanganya. Donge linakaa kwenye friji siku nne, tano, linamsubiri mgeni. Akibisha hodi unaweka kitunguu saumu na majani, kwisha.

#5 chumvi_kidogo

Hii Waarabu wanaiita labne, wanamwagia mafuta ya zeituni juu na zaatari (mchanganyiko wao wa viungo), wanakula na mkate asubuhi. Bibi yangu hapo Ng'ambo alikuwa akiiweka kwenye bakuli bapa, anachimba kishimo katikati kwa mgongo wa kijiko, mafuta yanatulia humo. Hakuwahi kuweka kitunguu saumu, alisema kinaua harufu ya maziwa.

#6 Mama Isevya

Bibi yako alikuwa na maziwa mazuri, mwenzangu. Ya siku hizi yanahitaji msaada.

#7 Afisa Mifugo Mstaafu

Naomba nipite hapa kidogo kwa sababu ya kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Ule mgando wa kwenye baiskeli umetokana na maziwa yaliyochemshwa au mabichi? Muulizeni muuzaji, na akisita mjue jibu. Maziwa mabichi yanabeba brusela, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba. Kwa binadamu unaleta homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo. Mtu anatibiwa malaria mara kwa mara, haponi, mpaka daktari mmoja akumbuke kuuliza habari za maziwa. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho kinapita humohumo. Uchachu wa mgando hauviui vijidudu hivi kwa uhakika, na kuchuja kwenye kitambaa hakuui chochote, kunatoa maji tu.

Dawa yake ni nyepesi. Nunua maziwa mabichi, yachemshe yafurike, yaache yapoe mpaka uweze kuingiza kidole bila kushtuka, koroga vijiko viwili vya mtindi mzuri kwa kila lita, funika, acha mahali penye joto mpaka yagande. Kisha chuja kama mama alivyoeleza. Au nunua mtindi wa kiwandani wa pakiti. Wajawazito hasa wasibahatishe.

#8 Kijana wa Cheyo

Sasa mzee, uzi unasema bila kuwasha jiko.

#9 Afisa Mifugo Mstaafu

Jiko linawashwa juzi. Mgeni anakuja leo.

#10 Mtoto wa Ipuli

Mzee heshima yako, lakini babu zetu wamekunywa ya kibuyu bila kuchemsha na walifika miaka tisini.

#11 Afisa Mifugo Mstaafu

Waliofika tisini ndio unaowakumbuka, kijana.

#12 Mama Isevya

Nimekubali na nashukuru mzee. Mimi maziwa nachemsha mwenyewe, ningeliandika mwanzoni kabisa. Anayepitia uzi huu aanzie #7.

Fundi Saa ulipotelea wapi?

#13 Fundi Saa

Nipo mama, nimetandika kitambaa.

#14 Abu Nasra

Assalaam alaykum. Swali la dhati, si la ubishi. Nimesikia jibini inagandishwa kwa kitu kinachotoka kwenye tumbo la ndama. Mgeni wangu akiniuliza kama ni halali nijibu nini?

#15 chumvi_kidogo

Waalaykum salaam shehe wangu. Kweli, jibini nyingi ngumu hugandishwa kwa kimeng'enya kiitwacho reneti, na ya asili inatoka kwenye tumbo la ndama anayenyonya. Siku hizi viwanda vingi vinatumia inayotengenezwa na vijidudu au ya mimea, na wengi huandika kwenye pakiti. Soma viambato au tafuta alama ya halali. Ile ya Mama Isevya ya mgando haina reneti kabisa, imegandishwa na uchachu wa maziwa wenyewe. Ukitaka usalama wa roho acha ile jibini ngumu ya kukwaruza, ongeza chumvi kidogo, haitapungukiwa kitu.

#16 Abu Nasra

Jazakallah. Hiyo imenitosha.

#17 Mwana Kibirizi

Watu wa Tabora mnaongea maziwa mpaka mnatusahau sisi wa mwisho wa reli. Ngojeni niwape ya Kigoma.

Huku ng'ombe si wengi kama kwenu, ila ziwa tunalo. Nachukua hilo donge la mgando, nachukua mgebuka wa moshi, nachanganya. Nimemaliza kusema, lakini nieleze ili msiharibu.

Mgebuka uwe umekaushwa kwa moshi mpaka mfupani. Uinamie na uuvunje pale katikati kwa mama muuzaji kabla ya kulipa: nyama ikiwa kavu, inaachana kwa mapande na rangi ni ileile mpaka ndani, huyo ameiva. Ukiona karibu na uti kuna wekundu na umaji, huyo ni wa kupika, mrudishe. Nyumbani unavua ngozi yote, unafungua mgongo, unatoa uti na miiba ya ubavuni. Hapa hakuna njia ya mkato, kaa chini mahali penye mwanga, pitisha nyama kati ya vidole. Mgeni akikwamwa na mwiba hatakumbuka jibini yako, atakumbuka ule ugali mkavu mliomlazimisha ameze.

Kwa donge la lita moja natia nyama ya samaki mmoja wa wastani, limao zima, pilipili mbichi moja iliyotolewa mbegu, kitunguu maji kidogo kilichokatwa kama nywele na kuoshwa kwa chumvi. Kitunguu saumu SIWEKI, kinagombana na moshi. Unaponda kwa uma, lakini usifike kwenye uji, nyuzi za samaki zionekane. Blenda hapa ni dhambi.

Hii inachovywa kwa muhogo. Siyo karoti jamani.

#18 Binti Gungu

@Mwana Kibirizi umenigusa. Na mimi hiyo ya Mama Isevya natoa na dagaa badala ya krispsi. Dagaa waliokaangwa wakavu, unamshika mkia, unamchovya kichwa. Wageni waliotoka Dar walinishangaa dakika tano za mwanzo, baada ya hapo sahani iliisha.

Ila dagaa wawe wa chanja, si wa mchangani. Walioanikwa chini unasafisha mpaka mikono inachoka na bado wanakwaruza menoni, na kwenye kitu laini namna hii mchanga unajitangaza. Bei nayo angalieni mwezi. Ukiwa unawaka usiku kucha, wavuvi wa taa wanapumzika, dagaa wanaadimika na bei inapanda. Mimi nanunua kwenye giza, nakaanga, wakishapoa kabisa nafunga kwenye chupa kavu.

#19 Kijana wa Cheyo

Jiko tena! Mmeahidi bila jiko.

#20 Binti Gungu

Wewe kaka umeoa?

#21 Kijana wa Cheyo

Bado. Kwa nini?

#22 Binti Gungu

Nilikuwa nauliza tu.

#23 Sista Du

Mbona hakuna aliyetaja mayonezi? Mimi naweka nusu kikombe, inang'aa na inateleza vizuri. Nilikula hotelini kwenye semina, walikuwa wanaweka.

#24 Mama Isevya

Bibie, mayonezi inaficha jibini. Ukionja unaonja siki na mafuta. Hoteli inaiweka kwa sababu ni nafuu kuliko jibini na inajaza bakuli. Kijiko kimoja siwezi kukukataza. Nusu kikombe, hiyo ni saladi ya kabichi imekosa kabichi.

#25 Sista Du

Haya mama, lakini wageni wangu wanaipenda hivyohivyo. Kila nyumba na mazoea yake.

#26 Mama Isevya

Hilo kweli, sikugombezi.

#27 Mlinamzinga

Natoka Sikonge, nafuga nyuki. Nashangaa uzi wa Tabora umefika hapa hakuna aliyetaja asali.

Chukueni hilo donge bila kitunguu saumu wala pilipili. Litandazeni kwenye sahani bapa, lisiwe laini kama kioo, muache mawimbi ya kijiko. Mwagieni asali ile nyeusi ya miombo, vijiko viwili vitatu, kisha karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusunusu, na chumvi punje chache juu. Uchachu, utamu, chumvi, mtu anachovya kipande cha chapati ya jana iliyokauka au embe bichi gumu. Embe msimu wake ukifika ndiyo mwisho wa maneno.

Wanaopenda asali ya nyuki wadogo, ile nyepesi yenye uchachu, nasema hapa msiitumie. Kwanza ni ghali, pili inatiririka pembeni, tatu jibini tayari ina uchachu wake. Hiyo ilambeni kwa kijiko.

Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, hata ya kuchovya kidole. Inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo utumbo wake bado hauwezi kuzizuia.

#28 Fundi Saa

MREJESHO. Donge limetoka. Nimejaribu ya asali kwanza kwa sababu ndiyo niliyokuwa na vitu vyake. Mke wangu ameuliza nimeinunua wapi. Nimemwambia mjini.

#29 Mama Isevya

Hahahaa! Mwambie ukweli, utakuja kutumwa tena mjini.

#30 Mrs Kiloleni

Wapendwa, yangu inakuwa na maji juu baada ya muda kidogo mezani. Natumia tango lililokwaruzwa ndani. Shida ni nini?

#31 chumvi_kidogo

Shida ni tango. Lina maji mengi, likikutana na chumvi linayatoa yote. Toa mbegu kwa kijiko, kwaruza, nyunyizia chumvi, acha robo saa kwenye chujio, kisha likamue kwa nguvu zako zote. Nyanya vilevile, tumia nyama ya nje tu. Na kama unatumia jibini iliyokwaruzwa tayari ya kwenye mfuko, ujue imepakwa unga wa wanga isishikane, inaacha ungaunga fulani mdomoni. Kwaruza mwenyewe.

#32 Mwalimu wa Zamu

Mimi tumbo langu na maziwa hatuelewani kabisa, nikinywa chai ya maziwa nusu saa siko mezani. Hii nitaiweza?

#33 Afisa Mifugo Mstaafu

Mwalimu, kinachokusumbua yaelekea ni sukari ya maziwa. Kwenye mgando bakteria wameshaila sehemu, na nyingine inaondoka na yale maji ya kwenye sufuria. Kwa hiyo inabaki pungufu, ila haijaisha. Jibini ngumu iliyokomaa ina sukari hiyo kidogo kuliko hata mgando. Anza na vijiko viwili siku ambayo huna kipindi. Kama shida yako ni mzio wa protini ya maziwa, vipele na kubanwa pumzi, hilo ni jambo jingine, usiguse kabisa.

#34 Mtoto wa Ipuli

Umeme ukikatika je? Wiki hii kwetu umekuwa wa kubahatisha na Oktoba hii jua linachoma.

#35 Mama Isevya

Swali zuri. Sheria yangu: nje ya friji saa mbili, mwisho. Kwenye joto kama hili, bakuli likiwa kwenye kivuli cha mwembe na siyo sebuleni, saa moja. Baada ya hapo hairudi kwenye friji kusubiri mgeni mwingine, hasa ile ya samaki ya Mwana Kibirizi.

Kwa hiyo sitoi bakuli lote. Natoa dogo, kubwa linabaki kwenye deli na barafu za mifuko, dogo likiisha najaza bakuli SAFI jingine, sirudishii kwenye lile lililochovywa na midomo ya watu. Au kalisha bakuli ndani ya hotipoti pana yenye vipande vya barafu, hata pambo linapendeza. Umeme ukikatika usiku mgando ukiwa kwenye kitambaa, usifungue friji ovyo, baridi inakaa saa kadhaa kama mlango haujaguswa.

#36 Jirani wa Njombe

Nimepita njia. Sisi huku tuna kiwanda cha maziwa kinachotengeneza jibini za Kiitaliano, anayesafiri aje na deli. Ngumu iliyokomaa inastahimili safari ya basi kuliko laini. Ifungeni kwenye karatasi kwanza ndipo nailoni, ikifungwa nailoni tupu inatoka jasho na kuota ukungu kabla hamjafika Mbeya.

#37 Mama wa Bi Harusi

Mama Isevya, Jumamosi nina kikao cha mwisho cha harusi ya binti yangu, wajumbe thelathini, nusu ni upande wa wakwe. Nataka hii iwe ya kufungulia kabla ya pilau. Nihesabu vipi?

#38 Mama Isevya

Hongera sana mwenzangu! Kwa kufungulia, mtu mmoja hesabu gramu hamsini, ni kama vijiko vitatu. Watu thelathini ni kilo moja na nusu. Chemsha na kugandisha maziwa lita nne, weka tano kwa usalama, wakwe hawakosi kuja na nyongeza. Alhamisi jioni chuja, kwenye vitambaa viwili siyo kimoja, likiwa zito sana la katikati halichujiki. Ijumaa usiku gawanya: theluthi mbili ya kitunguu saumu na majani, theluthi moja ya asali, lakini asali na karanga zimwagiwe Jumamosi dakika ile unapoitoa, karanga zikilala humo zinalegea.

Ya samaki usiweke, hujui upande wa pili nani hali.

Bakuli ziwe sita ndogo, siyo mbili kubwa, kila meza na lake. Wajumbe wakigombea bakuli moja kikao chako hakitafika kwenye ajenda ya michango.

#39 Mama wa Bi Harusi

Ajenda ya michango ndiyo ninayotaka wafike wakiwa wameshiba kidogo. Asante, nimenakili yote.

#40 Kijana wa Cheyo

Kikao kiko wapi? Nauliza kwa niaba ya rafiki.